Viatu vya Nambari Kubwa

4 Februari

Mwanangu Nesi,

Pokea salamu zangu, na pole na kazi. Mimi sijambo. Cherehani nayo haijambo, ingawa siku hizi inapiga kelele kuliko shangazi yako. Wagonjwa wako wa moyo wanaendeleaje? Usinihoji habari za dawa kama ulivyozoea. Nameza zote, hata ile ya kupunguza maji mwilini.

Nina ombi dogo. Viatu vyangu vyeusi vimeanza kunibana, nadhani vimesinyaa kwa mvua. Nitumie vya nambari kubwa kidogo. Fundi wa suti hawezi kupokea wateja akiwa na kandambili.

Baba yako, Fundi

19 Februari

Baba,

Shikamoo. Hali yako? Viatu hivyo hapo, nimepanda nambari mbili, usije ukanirudishia kama wateja wako wanavyokurudishia suruali.

Naandika mbiombio. Wodi imejaa watu waliovimba miguu. Ukibonyeza, kidole kinaacha shimo. Kila asubuhi tunawapima uzito, tunawakataza chumvi, tunawabembeleza. Kuna mzee anaficha vidonge chini ya mto, leo nimemfokea mpaka akaniita mama mkwe. Namshukuru Mungu, mzee wangu mwenyewe hanisumbui.

Mwanao, Nesi

8 Machi

Mwanangu Nesi,

U mzima? Viatu vimenikaa sawasawa, Mungu akubariki. Mimi mzima, ila kitanda kimenishinda, nimehamia kwenye kiti. Nikilala chali nakosa raha.

Baba yako, Fundi

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Najua hali yako kwa mdomo wa shangazi: umelazwa, unapumulia mashine, maji yameingia mapafuni. Ruhusa nimenyimwa mpaka mwezi uishe, ndiyo maana unapata karatasi badala yangu. Shangazi atakusomea.

Baba, nimeona haya, sijui pa kuuweka uso. Mgonjwa akiniambia viatu vinambana, hata hajakaa nishapiga magoti namvua soksi nimbonyeze mguu. Wewe uliniandikia, nami nikaenda dukani. Uliniambia unalala kitini, barua ikakaa mfukoni mwa sare yangu, nikawa natembea nayo wodini nikiwauliza wengine wanalalia mito mingapi ili wapate pumzi.

Daktari kamwambia shangazi kwamba dawa ya maji hukuwa unaimeza. Kwa nini? Sikufokei. Nataka kujua tu.

Mwanao

30 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimerudi nyumbani, pumzi imerudi, na barua hii naiandika kwa mkono wangu kwa sababu jibu la swali lako shangazi yako hapaswi kulisikia.

Dawa ile inanikimbiza chooni, na choo chetu unakijua: kiko nyuma ya uwanja, na wapangaji wamepanga foleni. Siku moja nilikuwa nimepiga magoti nampima mama mmoja urefu wa pindo. Nikajikojolea palepale, tepu mkononi. Yule mama akageuka akatazama dirishani, akajifanya anasifia hali ya hewa. Tangu hapo nikaacha kuimeza siku za kazi, na mimi siku zangu zote ni za kazi.

Ningekuambiaje? Mimi ndiye niliyekuogesha wewe. Aibu ilinikaba kuliko hayo maji.

Hospitalini nesi mmoja, binti wa rika lako, alivuta kiti akaniuliza taratibu, "Mzee, dawa ya maji inakuharibia kazi?" Nikalia kama mtoto. Akaongea na daktari, sasa naimeza alfajiri na duka nafungua saa tano. Kumbe dawa ya aibu ilikuwa kuulizwa. Nikajua nawe huko unawauliza baba za watu vivyo hivyo, basi usijilaumu. Mimi ndiye niliyekudanganya.

Viatu vyako sasa vinanipwaya, nikitembea vinapiga makofi. Shangazi anataka nivigawe, nimekataa. Nimeviweka kando ya kitanda, na kila asubuhi naingiza miguu kuipima uvimbe kabla ya chai. Siku vikinikaa sawasawa, sitakuandikia barua. Nitakupigia simu.

Baba yako