Mshale Uliotulia

Jumatatu, 3 Machi

Geji ya presha ya mafuta imefungwa leo. Hatimaye! Iko juu ya dashibodi, pembeni mwa usukani, ndogo kama kifuniko cha chupa ya jemu. Fundi Taratibu — jina kapewa na mtaa, na hakuonewa — kaifanyia kazi kutwa nzima. Kipaipu chembamba kinatoka kwenye filta ya dizeli, kinapita kwenye koki ndogo, kinaingia ndani mpaka kwenye geji. Kanieleza mara mbili kama naenda kufanya mtihani: mshale ukae karibu na kumi na tano. Ukishuka chini ya nane, shemeji, simama. Usijidanganye. Pampu kubwa ikikosa mafuta inajila yenyewe, na ikifa hiyo, gari utaliuza kwa kilo.

Nikamwambia asinitishe, mwezi uliopita nilitishika vya kutosha. Gari lilizima katikati ya mlima, mvua inanyesha, vifaranga wa siku moja nyuma. Nilipofika, theluthi walikuwa wamekufa. Niliwatoa kwenye maboksi kwa mikono yangu. Meneja wa kituo cha vifaranga hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema tu kwamba gari likizima tena, kazi anampa mtu mwingine.

Mzigo wa Ijumaa ndio mkubwa kuliko yote. Kazi hii niliitafuta mwenyewe, watu wakinicheka kwamba mwanamke na pikapu la dizeli wapi na wapi. Sitaki kuipoteza.

Jumanne, 4 Machi

Mshale unatikisika kama mkia wa mbuzi! Tambarare unachezacheza kati ya kumi na nne na kumi na sita. Sawa. Mlimani, na magunia ya pumba nyuma: kumi na moja... tisa... saba. Nikasimama kama nilivyoagizwa. Nikashuka, nikalizunguka gari, nikapanda tena. Sijui nilikuwa natafuta nini.

Mume wangu alikuwa kiti cha pembeni, anatoka kufunga mabomba kwa mteja. Yeye ni fundi bomba. Akasema gari linavuta vizuri, mgonjwa ni hiyo saa. Tena nitaingia mtaroni kwa kuikodolea macho. Tulifika salama, lakini kufika si hoja. Hata mwezi uliopita nilifika mara nyingi kabla ya kutofika.

Jioni kwa Fundi Taratibu. Kabadilisha filta — bado. Kafunga geji yake ya kupimia sambamba na yangu, akakanyaga mafuta. Zote mbili: saba. Basi geji haisemi uongo. Kuna kitu kinanyima injini mafuta, ila hajui ni kipi. Anaomba nimpe muda. Muda!

Sikula sana. Mume wangu anasema nina sura ya mtu aliyefiwa.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi nafua, nasikia injini inanguruma uani. Boneti juu, mume wangu kainama na spana yake ya mabomba. Nikauliza kuna nini. Iko sawa, akasema. Kwake kila kitu kiko sawa. Bafu letu linavuja mwaka wa pili huu na liko sawa. Mganga hajigangi.

Mchana nikawasha niende sokoni. Mshale umetulia! Kumi na nne, tuli! Sikuamini. Nikaacha njia ya soko, nikaenda mlimani makusudi. Gia ya tatu, gia ya pili, kona zote mbili — kumi na nne. Nimerudi naimba, na sauti yangu hii.

Nikamuuliza kafanyaje. Kakaza tu kidogo mahali. Nilimsifu mbele ya watoto mpaka akaona haya. Chakula cha jioni alipewa finyango la kwanza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimechemka. Mwandiko wenyewe unaonyesha.

Asubuhi nilikwenda kituoni kuchukua maboksi matupu. Nikazima gari, nikachomoa ufunguo, nikapiga soga kidogo na mlinzi wa geti. Narudi kukaa — kumi na nne. Gari limezimwa! Ufunguo ninao mkononi! Nikaigonga geji kwa kidole. Kumi na nne. Nikakaa pale nikiitazama, na ule wimbo wa jana ukanirudi wote kwa aibu.

Nilimkuta mume wangu kwa jirani, kichwa chini ya sinki. Nikauliza jana ulikaza nini. Koki, akasema. Ile ndogo ya kwenye kipaipu. Aliifunga kabisa injini ikiwa inaunguruma, mshale ukabaki pale ulipokuwa. Akanieleza kwa utulivu kabisa, kama mwalimu: bomba likigongagonga ukutani, unabana koki, linanyamaza. Ndivyo wanavyofanya siku zote.

Nikamwambia umeunyamazisha, hujatengeneza! Jana kutwa nimepanda mlima naangalia picha! Jirani akajifanya anatafuta sabuni. Tukarushiana maneno, langu moja, lake moja, yangu mawili. Mwisho akajifuta mikono, akasema kwa sauti ndogo kwamba alichoka kuniona nikiamka na sura ile. Alitaka nipumzike walau siku moja.

Nilimpenda na nilitaka kumpiga, vyote kwa wakati mmoja.

Tukaenda wote kwa Fundi Taratibu. Hakucheka, na kwa hilo namheshimu. Alifungua koki nusu, mshale ukaanguka sifuri. Akawasha, ukaanza kutikisika. Nilifurahi kuuona unatikisika!

Kisha akafanya jambo ambalo angepaswa kulifanya tangu Jumanne. Alichomoa mpira unaovuta mafuta kutoka kwenye tangi, akautia kwenye dumu la dizeli safi. Akakanyaga mpaka moshi ukatanda gereji nzima. Kumi na tano! Haukushuka hata chembe. Basi pampu nzima, filta nzima, geji nzima. Ubaya uko kwenye tangi, au kwenye paipu lake kuukuu lililopita juu ya chasisi. Nikataka kumkumbatia.

Lakini kushusha tangi, kwa mwendo wake, ni Jumamosi jioni. Vifaranga wanaanguliwa usiku huu. Kifaranga haambiwi subiri.

Mume wangu ndiye aliyesema twende na dumu. Tulifunge nyuma ya kabini, mpira mrefu ushuke mpaka kwenye pampu. Fundi akakuna kidevu, akasema linawezekana, kwa safari moja. Mimi nimekubali kwa sharti: mume wangu anakaa mbele na mimi, kazi yake kunisomea mshale. Anasoma anachokiona, si anachotaka nisikie. Ameapa.

Ijumaa, 7 Machi

Tumeondoka alfajiri. Maboksi yamejaa mpaka juu, turubai limekazwa, matundu ya hewa wazi. Kelele zao tamu. Wa njano wote, wameloa usingizi.

Tambarare alisoma vizuri. Kumi na tano. Kumi na nne. Kumi na tano. Tulipoanza kupanda akasema kumi na tatu, nikachungulia: kumi na moja. Nikamwambia unaongeza! Akasema kaongeza kidogo tu, ya kunitia moyo. Nikamwambia moyo ninao, nipe namba.

Kumi. Kumi. Tisa. Akanyamaza. Nikadhani kasinzia. Kisha akasema, mama, saba, simama. Sauti yake sikuitambua. Nikasimama.

Ndipo tulipo sasa, kabla ya kona ya pili. Gari limezimwa, mawe yako nyuma ya matairi. Naandika juu ya usukani kwa sababu nikikaa bure nitalia. Mafuta kwenye dumu yapo, ametazama. Sasa amelala chini ya gari anaufuata mpira kwa vidole, shibiri kwa shibiri. Nimemuuliza vipi. Amesema hajui. Hajaona bado. Nisiwashe.

Wingu liko juu ya mlima, upepo umebadilika na una baridi. Nimeongeza turubai la pili upande unakotoka upepo. Nimetia mkono kwenye boksi la pembeni: bado wana joto, lakini wameanza kurundikana.

Simu imelia. Meneja. Sauti yake ileile ya upole. Anauliza tumefika wapi, mteja kashawasha taa za kuwapa joto, anasubiri getini.

Nimemwambia tumekaribia. Gari linavuta vizuri. Iko sawa.

Mume wangu ametoa kichwa chini ya gari, grisi mpaka kwenye nyusi, ananitazama. Simu bado ninayo mkononi.