Cheti cha Mbwa wa Madam

Gatina, Kawangware
3 Machi 1996

Kwako ndugu yangu Jeconia,

Pokea salamu zangu na za Joan. Kifua chako kimepoa? Sisi tuko, isipokuwa Jumatano nilienda kazini na Joan, mbwa wa madam akamuuma mkono. Nilishtuka. Madam akatoa cheti cha afya alichoandikiwa kwa kliniki yenu, cha kumsafirisha mbwa. Muhuri ni wa daktari, lakini mwandiko niliujua ni wako: amechanjwa kichaa cha mbwa. Moyo ukatulia. Nikamwosha Joan na maji ya chumvi, nikamfunga kitambaa.

Dada yako,
Seline

Laini Saba, Kibera
10 Machi 1996

Dada Seline,

Asante kwa salamu, kifua kimepoa. Pole kwa mtoto. Ukipata nafasi mpeleke hospitali achomwe sindano, kwa usalama tu. Ningekuja mwenyewe lakini kazi imekuwa nyingi.

Ndugu yako,
Jeconia

Gatina
17 Machi 1996

Jeconia, habari ya huko?

Kidonda kimekauka, Joan anaruka kamba. Mbwa alikufa wiki iliyopita, madam anasema alikula sumu ya panya. Ruhusa ya kwenda hospitali hajanipa, nami sikumsumbua. Kungekuwa na hatari ungeniambia. Njoo Pasaka tule pamoja.

Dada yako,
Seline

Laini Saba
21 Aprili 1996

Dada yangu,

Nashindwa hata kukuuliza hali. Jirani yako Wayua ameniambia Joan ametuacha. Jumatatu, aliponiambia amelazwa, nilifika mlangoni pa wodi, nikamwona akilia kwa kiu na akisukuma kikombe cha maji. Sikuweza kuingia.

Yule mbwa sikumchanja. Dawa ilikuwa imeisha, madam ana haraka, daktari hayuko. Anayeruhusiwa kutia sahihi ni daktari aliyesajiliwa, mimi ni msaidizi tu. Daktari aliniachia muhuri, nikajaza cheti. Uliponiandikia mara ya kwanza nilijua, nikaogopea kazi yangu. Uliposema mbwa amekufa nilitembea mpaka Gatina. Nikamwona Joan anacheza mlangoni, nikajidanganya, nikarudi bila kubisha.

Kesho naenda kujisema kwa wakubwa wa idara ya mifugo. Msamaha siombi.

Jeconia

Gatina
5 Mei 1996

Jeconia,

Tulimzika Alhamisi, nyumbani. Mama aliuliza uko wapi, nikamwambia uko kazini. Barua yako sijamwonyesha mtu. Sijui kama nakuficha, ama ni mdomo tu umekataa.

Siku ile ya mwisho, Joan aliniuliza kama anko anakuja na dawa. Nikamwambia uko njiani.

Usiniandikie tena.

Mama Joan