Miwani ya Akiba

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai barua hii itakukuta ukiwa na afya njema na umeketi karibu na dirisha lenye mwanga, kwa maana najua kwamba siku hizi unasoma kwa kubahatisha. Sisi sote hatujambo. Mgongo wa Mama umepata nafuu, Shangazi bado anaitawala sebule pamoja na redio, na mlango wa chumba chetu bado haufungi mpaka uunyanyue kidogo.

Barua yako ilifika Jumatano. Mama alitusomea mezani kwamba umeikalia miwani yako ikavunjika, kwamba mtihani wako wa kuchora ramani umebakiza wiki mbili, na kwamba nikutumie haraka ile miwani ya akiba uliyoiacha katika mtoto wa meza. Shangazi alicheka, akasema wewe tangu utoto hutazami unapokalia. Mimi nilipaliwa na maji, kwa sababu miwani yako haikuwa katika mtoto wa meza. Ilikuwa mfukoni mwangu, na lenzi zilizokuwamo hazikuwa zako.

Nivumilie, Kaka, nikueleze tangu mwanzo.

Unamkumbuka Mzee wa Miwani, mwenye duka linalotazamana na posta. Binti yake amemaliza shule ya bweni na sasa anajifunza kazi kwa baba yake. Yeye ndiye anayeshika fimbo ya kuonyesha herufi ukutani, na ndiye anayesaga lenzi kwenye chumba cha nyuma. Nilimwona mara moja kupitia kioo cha duka, akifuta fremu moja baada ya nyingine huku akizisemesha kama wanafunzi watukutu. Tangu siku hiyo nikawa napita posta bila barua. Lakini mtu mwenye macho mazima ataingia duka la miwani kutafuta nini? Hapo ndipo nilipoikumbuka miwani yako.

Nilimwambia Mzee kwamba ni yangu na kwamba hainifai tena. Akanikalisha mbele ya ubao wa herufi. Binti akaigusa kwa fimbo herufi ya juu kabisa, kubwa kama sahani, nami nikasema naona kitu kama kiti. Mzee alijikuna kichwa. Akasema macho yangu yanahitaji kutazamwa zaidi ya mara moja, jambo ambalo ndilo nililolitaka.

Basi nikawa narudi kila Jumamosi. Wiki moja nililegeza skrubu mwenyewe kwa ncha ya kisu ili apate cha kukaza. Wiki nyingine niliingia nimeivaa, na hapo nikakoma. Sijui unaishije na lenzi zile, Kaka. Sakafu ilinijia juu kama mkate uliotiwa hamira, nikatia mguu mzima kwenye ndoo ya kupigia deki. Binti hakucheka. Alinishika kiwiko, akaniongoza hadi kwenye kiti, akaukamua upindo wa suruali yangu. Ningeweza kutumbukia katika ndoo nyingine tatu siku hiyo.

Shangazi, aliyekwenda posta, aliniona pale akampasha Mama habari. Mama alihuzunika sana. Tangu wakati huo nimelishwa karoti asubuhi, mchana na jioni: mbichi, za kuchemsha, za kusaga. Shangazi alikuwa ananitazama nikitafuna, akasema macho ya mtoto huyu hayana ugonjwa wowote, ugonjwa umeshuka chini kidogo.

Wiki ya tatu Mzee alimwagiza binti yake anikatie lenzi mpya. Nilipoivaa miwani niliona kila kitu sawasawa, hata mchwa ukutani, nikamsifu Mzee kwa ufundi wake. Aliingia chumba cha nyuma, nikasikia anakohoa kwa muda mrefu.

Basi fikiria hali yangu Jumatano ile. Kukutumia fremu yenye lenzi za mtu mwingine kungekuwa kama kukutumia viatu visivyo na soli. Ili nizipate lenzi zako, sharti niseme kweli. Na nikisema kweli, sina tena sababu ya kuingia dukani, wala sura ya kuingia nayo. Nilitunga visingizio vinne. Kila nilipokumbuka wewe unainamia ramani mpaka pua inagusa karatasi, kila kimoja kilinichoma.

Alhamisi nilikwenda. Nilimkuta binti peke yake. Nilimwambia miwani ni ya kaka yangu, nilimwambia kuhusu skrubu na herufi, na kwamba sina ugonjwa wa macho, nilikuja kwa ajili yake. Nilisema nikiitazama sakafu ambayo sasa ilikuwa imetulia.

Alifungua kijaluba, akatoa bahasha yenye lenzi zako, zimefungwa katika kitambaa laini. Kisha akasema, “Siku ya kwanza hukuiona herufi iliyo kubwa kama sahani. Lakini ulipokuwa unatoka, ukiwa mlangoni, uliniambia nina vumbi la kioo kwenye unyusi wa kushoto. Ndiyo sababu wiki ya tatu Baba aliniambia, huyu mkatie kioo cha dirisha.”

Nilitamani ile ndoo iwe karibu nijifiche ndani yake. Akasema hanipi bahasha mpaka niusome ubao wote, safari hii kwa uaminifu. Nikasoma. Nikashuka mstari kwa mstari, herufi zikizidi kuwa ndogo, hadi ule wa mwisho. Chini yake palikuwa na mstari mwingine usiochapishwa, wa penseli, mdogo kama nyayo za sisimizi. Nikausoma pia: “Ungesema tu.”

Nilimuuliza aliuandika lini. Akasema tangu Jumamosi ya pili. Wiki tano, Kaka, ulikuwa mbele yangu, nami niliutazama ubao huo kila wiki nikijifanya sioni. Na kwa kweli sikuona.

Lenzi zako alizirudisha kwenye fremu yeye mwenyewe, na skrubu ametia mpya; miwani nimeifunga pamoja na barua hii. Naomba unisamehe kwa kuchukua chako bila ruhusa. Mama nimemwambia yote. Amesema nimalize karoti zilizobaki, na zimebaki nyingi. Jumamosi nitakwenda dukani mikono mitupu. Mzee amesema wasio wagonjwa wakae kwenye benchi la nje, na yeye mwenyewe atakuwa dirishani akitutazama mimi na binti yake.

Mama anakusalimu, Shangazi pia, na anasema utazame kiti kabla ya kukaa. Nakuombea mtihani mwema. Uivae salama.

Ni mimi mdogo wako mwenye macho mazima,
Kifaranga