Gari la Kusukuma

Kiponzelo, Iringa
Machi 1976

Mwanangu Edmund, kamwene.

Kazi huko Mbeya inaendaje? Huku mahindi yamebeba, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Landrova la kijiji tulilirudisha serikalini. Tuliambiwa tukitoa lile kuukuu tutauziwa jipya kwa nafuu, basi tukaliosha, tukalisindikiza kwa ngoma. Mpaka leo tukiuliza, jibu ni lilelile, lipo njiani. Lile bovu tulilisukuma ndipo liwake, lakini hospitalini Tosamaganga lilikuwa linafika.

Mkeo Esta aliposhikwa na uchungu tulimbeba kwa machela. Mvua ilikuwa kubwa, mwanangu, na njia ile unaijua.

Mtoto ni wa kike, mzima. Njoo umpe jina. Esta hakuwahi hata kumwona.

Mama yako,
Regina