Soda ya Kusukutua

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu wote wawili, na kwamba mgongo uliokuwa unakusumbua ukiinama kufua umetulia. Shemeji naye vipi, bado anakoroma kama mashine ya kusaga? Mwambie nimemkumbuka, hata huo mngurumo nimeukumbuka. Mimi nipo. Ningeandika kwamba ni mzima wa afya, lakini leo nimeshika kalamu ili niache uongo, basi tuseme nipo.

Barua hii isome peke yako, dada. Mdogo wetu asiwe begani kwako akichungulia, maana mambo yenyewe yanamhusu yeye, na ndiyo sababu sikupiga simu. Simu ya hapo nyumbani anaishika yeye kutwa. Najua mwandiko wangu ni kama kuku kakanyaga wino, na shule niliiacha njiani, lakini nivumilie na usiruke mstari.

Kazi yangu unaijua, nimejisifia mpaka masikio yako yakaota sugu. Lori la matangazo ya soda, spika mbili kubwa kama makabati, na juu yake mimi. Msimamizi wa hilo lori aliniokota sokoni nikibeba magunia ya viazi. Nilikuwa nacheka upuuzi fulani, akasimama, akaniuliza hayo meno ni yangu au nimeyaazima. Nikamwambia ayavute aone. Siku hiyo hiyo nikapanda lori, na jina langu likawa Taa ya Mbele.

Mwanzoni nilitakiwa kunywa na kutabasamu tu. Lakini unanijua, mimi siwezi kufanya kitu kama watu wengine. Nikabuni mtindo wangu. Napiga funda kubwa, navimbisha mashavu, halafu naisukutua ile soda mdomoni kwa kufuata mdundo wa muziki, shavu la kulia, shavu la kushoto, kipaza sauti nimekibandika mdomoni. Povu linavuma kwenye spika mtaa mzima. Watoto wanagaragara kwa kucheka. Mama mmoja aliangusha beseni zima la nyanya na wala hakujali. Kisha nameza, nafungua mdomo, meno yanawaka. Hakuna aliyenifundisha, dada. Ilikuwa akili yangu mwenyewe, na akili hiyo ndiyo iliyoniponza.

Usidhani nilikuwa mchafu. Nikishuka tu kwenye lori, kabla hata utamu haujaisha ulimini, nazunguka nyuma ya tairi na kikombe changu cha maji, napiga mswaki. Nilinunua ule mgumu kuliko yote dukani, nikawa nasugua kama nasugua sufuria iliyoungua. Na yalipoanza kuuma nikazidisha. Sasa nisikilize kosa langu lilipo. Kile kitu kinaitwa dawa ya meno. Nikajiambia, kama ni dawa, basi mgonjwa aongeze. Nikawa napaka urefu wa kidole kizima baada ya kila chupa. Fundi wa spika akanitania kwamba siku moja nitaumeza na mswaki wenyewe. Nikamjibu ana wivu kwa sababu meno yake yamekaa kama uzio ulioangukiwa na ng'ombe.

Kwanza yaliuma kwa maji ya baridi. Baadaye kwa chai. Mwisho yakawa yanauma kwa upepo tu, lori likikimbia nafumba mdomo kama nimekatazwa kusema, na wenzangu wakashangaa nimepata wapi adabu. Ncha za meno ya mbele zikaanza kupitisha mwanga kama kioo, na yaliyobaki yakageuka rangi ya karatasi iliyomwagikiwa chai. Nikaenda kwa siri kwenye kioo cha pembeni cha lori nikayatazama, nikasema ni uchafu, nikasugua zaidi. Halafu siku moja natafuna mkate nikasikia kitu kigumu. Nikakitema mezani, nikaanza kumtukana mwokaji kwamba anatuuzia mawe. Kumbe lilikuwa jino langu, kipande cha lile la mbele.

Ndipo nikaenda kwa daktari wa meno. Ni mama mnene, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Alinichungulia muda mrefu, akaniuliza kama nanyonya ndimu au natapika mara kwa mara. Nikamwambia hapana, nikamweleza kazi yangu, na mpumbavu mimi nikamwonyesha mtindo, mashavu na yote. Hakucheka. Alikiweka chini kile kioo chake kidogo akaniambia soda ina asidi. Mimi nikacheka, nikamwambia asidi ni ya betri. Akasema ya soda ni nyepesi lakini haichoki, na hata ile soda isiyo na sukari inayo. Inalainisha lile ganda gumu la juu ya jino, na mate ndiyo yanayoligumisha tena, taratibu, yakipewa nafasi. Mimi sikuyapa nafasi. Ganda likiwa bado laini nilikuja na ule mswaki wa sufuria nikalikwangua, kila siku, kwa mkono wangu mwenyewe, nikijiona msafi kuliko wote.

Kuhusu ile dawa akasema inasaidia kulinda ganda lililobaki, lakini hairudishi lililokwisha kukwanguliwa. Jina limekudanganya, mwanangu, ndivyo alivyosema. Nikamuuliza ganda jipya litaota lini. Akasema ganda la jino si ukucha, halioti.

Akaniambia soda niiache kabisa. Kama kazi imenibana, basi nisiishikilie mdomoni, ninywe kwa mara moja pamoja na chakula, mrija niufikishe nyuma ya meno, kisha nisukutue maji matupu, na mswaki uwe laini na usubiri kama saa nzima. Nikarudi kazini nimejaa matumaini. Nikamwomba msimamizi mrija. Akaniuliza ni nani aliyewahi kuona taa inawashwa halafu inafunikwa. Nikamwomba tujaze chupa maji ya rangi, akasema maji hayavumi kwenye spika. Nikajaribu kumeza tu bila kusukutua, watu wakazomea mpaka nikasukutua. Nimefika mahali nalala nimeuma kitambaa ili meno ya juu yasigusane na ya chini. Nalia, dada. Mimi huyu, nalia kwa sababu ya uji wa moto.

Sasa naingia penyewe. Juzi msimamizi alinishika kidevu mbele ya wenzangu, akanigeuza huku na huku kama anayenunua mbuzi, akasema taa imeungua. Akauliza kama nyumbani kuna mwingine mwenye meno kama niliyokuja nayo. Na mimi, huku maneno ya yule daktari yote ninayo kichwani, nikasema yupo. Nikamsifia Mdogo. Nikasema meno yake yanafanya yangu yaonekane ya mtumba. Msimamizi akasema basi mimi nitabakizwa, nimfundishe mtindo. Nikakubali hapo hapo, hata kubembelezwa sikubembelezwa.

Nikampigia Mdogo, nikamwambia aanze mazoezi. Ukisikia kitu kinavuma bafuni ukadhani ni bomba, ni yeye. Jana amenipigia kwa furaha, akaniambia niwe na amani, kila akimaliza chupa anapiga mswaki palepale, kwa nguvu, kama kaka. Hapo ndipo nilipovunjika. Nilikata simu nikasingizia chaji.

Nimemwendea msimamizi kumwambia nimebadili mawazo. Akanijibu namba ya kijana anayo, nikileta ubishi atampigia mwenyewe, na Mdogo atakuja mbio bila hata viatu. Kwa hiyo sina ninayemtegemea ila wewe. Huyo aliyekuletea barua hii ndiye dereva wetu. Nadhani hivi sasa amekaa hapo sebuleni anasubiri umalize kusoma, yeye anadhani nimeandika kukuomba ruhusa ya kumchukua Mdogo. Msimamizi amemtuma arudi naye leo, na pengine begi limeshafungwa liko mlangoni.

Usimtoe Mdogo, dada. Dereva si mtu mbaya, mpe maji anywe, mwambie kwa heshima kwamba mtoto yuko mwaka wa mwisho wa shule na haendi popote. Mdogo atapiga kelele, atasema namwonea wivu, atasema nataka jukwaa liwe langu peke yangu. Mwache aseme. Usinitetee. Ila chupa uzitoe bafuni, na kama leo amekunywa, asukutue maji matupu na mswaki uusogeze mbali naye kwa muda.

Kazi yangu itakwisha, hilo nalijua. Mimi nipo hapa kwenye lango la yadi ya malori, sitatoka mpaka dereva arudi. Lori likikata kona nitatazama kiti cha pembeni yake kabla ya kitu kingine chochote. Naomba nikikute kitupu.

Wapwa zangu wabusu mashavuni kwa niaba yangu, shemeji mpe mkono, na wewe upumzishe huo mgongo. Mengine nikijaliwa nitakuja kuyasema nikiwa nimekaa mbele yako, mdomo wazi, uyaone mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako wa katikati, mwenye maneno mengi,

Taa ya Mbele