Maji ya Makayabu

Katuba, tarehe 16 Novemba

Kwa binti yangu mpendwa Perpétue,

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwako huko Kasomeno. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na mume wako na watoto, na kwamba kikohozi cha yule mdogo kimepona. Mimi ningali hai, namshukuru Mungu. Uniwie radhi kwa kukaa miezi minane bila kukuandikia.

Unakumbuka maharage ya marehemu mama yako, nyuma ya jikoni, yalivyoungua kingo za majani mwezi wa tatu. Unakumbuka pia, kwa bahati mbaya, niliyoyasema siku ya misa yake ya kumbukumbu, mbele ya mama mkwe wako: kwamba mbolea uliyoleta ndiyo iliyoua bustani, na kwamba ungempenda mama yako ungelichunguza gunia. Ulifunga kitenge chako ukaondoka kabla ya chakula.

Mwezi uliopita nilipanda tena. Gunia lako sikuligusa, lakini miche iliungua vilevile. Juma lililopita Kunda, binti wa jirani yetu Mama Mujinga, anayesomea kilimo, alipita kuomba matembele. Aling'oa mche mmoja, akautazama mzizi, akaniambia kwa upole kwamba udongo wangu una chumvi nyingi. Nilimpinga, kwa kuwa ulikuwa umelowa. Akanieleza kwamba chumvi huyashika maji, hata mzizi ukaona kiu ukiwa katikati ya unyevu. Tena hujisogeza mlangoni pa mzizi na kuchukua nafasi ya potasi, ambayo jani huihitaji. Mche hupokea kisichofaa, na chakula chake hubaki nje. Mbolea yako ilikuwa njema: kopo nililompa Mama Mujinga lilinawirisha vitunguu vyake.

Kunda aliuliza chumvi imetoka wapi. Nilisema sijui. Ndipo Mama Mujinga akacheka nyuma ya ukuta: “Papa Damien, mbona paka yote ya Katuba iko nalala mu bustani yako?”

Sasa, mwanangu, nifike kwenye lile ninaloliogopa. Daktari alipokataza chumvi kwa ajili ya tension ya damu, uliniapisha mbele ya picha ya mama yako. Sikutimiza. Makayabu, wale samaki wa chumvi, ndicho chakula pekee ninachojua kupika. Mama yako alinifundisha katika majuma yake ya mwisho, ameketi kitini akinielekeza kwa kidole. Mara tatu kwa juma niliwaloweka samaki wale ili chumvi itoke, na maji yao niliyamwaga kwenye matuta, usije ukafika ghafla ukayanusa mbele ya mlango. Yeye aliyamwaga barabarani siku zote, nami sikumwuliza sababu.

Siku ile ya misa, sufuria la makayabu lilikuwa chini ya kitanda changu, limefunikwa kwa taulo. Asubuhi nilikuwa nimeyamwaga maji. Nilikuona unainama kuyatazama majani, nikaogopa kwamba utanusa. Ndiyo maana nilipaza sauti. Sikuidhania mbolea yako hata kidogo; nilitafuta tu neno la kukusimamisha wima.

Mama mkwe wako nimemwandikia ukweli huu bila kuupunguza. Jana tension ilikuwa kumi na nane, juu mno. Nakuambia kabla hujaniuliza. Kunda asema udongo utaoshwa na mvua, polepole, maji yakipata njia ya kutokea. Nimechimba mfereji. Tuta lililo karibu na mlango nimeliacha tupu, na gunia lako liko mahali pakavu. Tuta hilo sitalipanda mimi; linakungoja wewe.

Wasalimie watu wote wa nyumbani, na umpakate yule mdogo kwa niaba yangu. Makayabu yaliyobaki nimempa Mama Mujinga, na paka wamehamia kwake.

Ni mimi baba yako, niliyekukosea,

Damien Numbi