Mguu wa Ngamia Ulipojibu

Mjukuu wangu Akiru, ejok? Huku Lodwar tuko wazima. Nyanya yako amenuna tu kwa sababu nakusifu soko zima.

Unauliza utathubutu vipi kumwambia daktari mkubwa asimamishe upasuaji wa mgongo, mashine yako ikionyesha amri ya ubongo haifiki tena mguuni mwa mgonjwa. Sikia. Nikiwa kijana kule Kaikor, ngamia wetu aliangukia mgongo, akashindwa kuinuka, wazee wakaanza kunoa visu. Mimi nikalia kama ndama wake, vizuri kuliko ndama mwenyewe! Mguu wa nyuma ukatikisika.

"Ngojeni!" nikapiga kelele.

"Wewe kijana, tuna njaa!"

Walinitukana mpaka jioni, ngamia aliposimama.

Paza sauti, mama. Daktari akikutukana, mlete huku nimwonyeshe wajukuu wa yule ngamia.

Babu yako